Kabla Hujaisogeza Saa ya Seva, Isome Kwanza

Simu inayonifikia karibu kamwe haisemi kwamba saa imekosea. Inasema watumiaji wameshindwa kuingia kwenye mfumo, au cheti cha usalama kimekataliwa, au ripoti ya jana imebeba miamala ya kesho. Nimekuwa nikisimamia seva kwa miaka mingi, na tatizo la saa nimelifikia kwa njia nyingi sana. Mara nyingi nikifika nakuta mtu ameshanitangulia, ameandika `date -s`, amri ya kuiandikia saa muda mpya kwa mkono, saa imerudi mahali pake, huduma zimeamka na watu wameshukuru. Baada ya muda tatizo linarudi, na safari hii hakuna anayejua lilianzaje.

Nilichojifunza, na ninachowasisitizia vijana wanaoingia kwenye kazi hii, ni kwamba saa iliyokosea imebeba maelezo ya namna ilivyokosea. Kiasi ilichopotea, upande ilioelekea, na kama pengo linakua, limetulia au linarukaruka, vyote hivyo ni ushahidi. Ukiisahihisha kabla ya kuusoma umeufuta, na hakuna faili lolote litakalokurudishia.

Kwa hiyo amri yangu ya kwanza ni ile inayouliza bila kugusa kitu. Kwenye mashine zenye chrony, programu inayoilinganisha saa ya mashine na vyanzo vya muda vya mtandaoni, naandika `chronyd -Q` ikifuatiwa na agizo la `server` lenye anwani ya chanzo ninachokiamini. Programu inauliza, inachapisha tofauti iliyoiona, kisha inaondoka bila kuisogeza saa. Halafu nachapa `date -u` kwenye seva jirani kadhaa kwa wakati mmoja ili nijue kama aliyepotea ni mmoja au ni wengi. Mwisho natazama hali ya saa na ya vyanzo vyake kwa `chronyc tracking` na `chronyc sources -v`, au `ntpq -p` kwenye mashine za zamani zinazotumia ntpd, programu nyingine ya kazi hiyohiyo. Kazi yote hiyo ni ya dakika chache. Hata kama meneja amesimama nyuma ya kiti changu, dakika hizo nazidai.

Baadhi ya namba hujieleza zenyewe. Tofauti ikiwa ni saa kamili, mbili au tatu bila dakika hata moja ya ziada, sihangaiki na mtandao. Hapo kuna mtu aliyebadilisha ukanda wa saa, au saa ya kwenye ubao mama imeandikwa kwa majira ya mahali huku mfumo ukiisoma kama UTC, muda wa pamoja wa dunia. Tofauti ikiwa ndogo na inaongezeka kwa mwendo uleule siku hadi siku, basi hakuna anayeisimamia saa hiyo. Inakwenda kwa nguvu ya fuwele yake peke yake, kile kipande kidogo kinachoipigia saa mapigo, na fuwele iliyokosea sehemu 10 tu kwa milioni hupoteza karibu sekunde 0.86 kwa siku.

Mashine ikiamka ikiwa imerudi miaka nyuma, hiyo kwa kawaida ni betri ndogo ya ubao mama, mara nyingi ile ya CR2032, iliyokwisha wakati umeme umekatwa. Hapa kuna mtego unaostahili kuelezwa. Seva ikiamini kwamba tuko miaka kadhaa nyuma, kila cheti kilichotolewa hivi karibuni kwake bado hakijaanza kufanya kazi. Kama inahakiki majina ya intaneti kwa DNSSEC, sahihi zote zitaonekana hazijafikia muda wake, kwa hiyo inashindwa kulipata jina la seva ya saa, kwa hiyo inashindwa kuisahihisha saa. Inajifungia ndani. Ndiyo maana kwenye kila usanidi ninaouandika naweka angalau chanzo kimoja cha ndani kwa anwani ya namba, ili siku hiyo pasihitajike jina lolote.

Sasa nieleze tukio moja kwa kirefu, maana ndilo lililonithibitishia zaidi utaratibu huu.

Asubuhi moja watumiaji wa mfumo fulani walianza kukataliwa. Ujumbe kwenye skrini ulisema jina au nywila si sahihi. Dada wa dawati la msaada alinipigia akiwa amechoka.

“Kaka, huyu nimembadilishia nywila mara kadhaa na bado anakataliwa. Na nyuma yake kuna foleni.”

“Dada, usimbadilishie tena mtu yeyote. Niachie hiyo seva kama ilivyo, nakuja.”

Kwenye logi ya seva yenyewe, yaani kumbukumbu yake ya matukio, maneno yalikuwa tofauti kabisa na yale ya kwenye skrini: `Clock skew too great`. Huo ni ujumbe wa Kerberos. Mfumo huu wa kuthibitisha utambulisho, kwa mpangilio wake wa kawaida, huvumilia tofauti ya dakika 5 kati ya saa ya mteja na ya seva. Ikizidi hapo tiketi inakataliwa hata kama nywila ni sahihi. Kuna sababu nzuri ya ukali huo: ili tiketi iliyonaswa na mwizi isiweze kutumiwa tena baadaye. Tatizo ni kwamba programu iliyokaa juu yake ilimeza ujumbe huo na kumwonyesha mtumiaji kitu kingine.

Nikauliza tofauti bila kugusa saa. Jibu lilikuwa hili:

`System clock wrong by 2460.417331 seconds (ignored)`

Nikagawanya kwa 60. Dakika 41. Fuwele haipotezi dakika 41 kwa usiku mmoja, na kosa la ukanda wa saa lingekuwa la saa kamili au nusu saa. Dakika 41 ni muda wa tukio, muda ambao kitu fulani kilisimama kisha kikaendelea. Nikampigia mwenzetu wa upande wa hifadhi za diski.

“Mkuu, jana usiku mlizigandisha mashine pepe?”

“Ndiyo, tulibadilisha kidhibiti kimoja cha diski. Tulizigandisha kuanzia saa nane na dakika saba, tukazifungua saa nane na dakika arobaini na nane. Zote zilirudi salama.”

Nane na saba hadi nane na arobaini na nane ni dakika 41. Mashine pepe, yaani kompyuta ya kiprogramu inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi iitwayo mwenyeji, ikigandishwa, saa yake husimama pamoja nayo. Ikifunguliwa inaendelea pale ilipoachia, ikidhani hakuna kilichopita. Mashine nyingine kwenye mwenyeji huyo zilikuwa na wakala mdogo anayepewa muda sahihi na mwenyeji mara tu zinapoamshwa. Hii ya zamani haikuwa naye. Ilikuwa inategemea ntpd peke yake.

Basi kwa nini ntpd haikuisahihisha? Kwa sababu imeandikwa isifanye hivyo. Programu hii ina kizingiti cha sekunde 1000. Ikiona tofauti inayozidi hapo, inachukulia kwamba kuna jambo zito ambalo binadamu anapaswa kuliamua, inaandika ujumbe kwenye logi kwamba marekebisho yamepita kiasi, kisha inajizima. Chaguo la `-g` ambalo wengi huliweka huruhusu kuvuka kizingiti hicho mara moja tu, wakati programu inapoanza. Hii ilikuwa imeanza zamani, ruhusa yake ilishatumika. Ilijizima usiku ule, na hakuna alamu iliyokuwa ikiitazama.

Fikiria mtu angeandika `date -s` asubuhi ile. Kerberos ingerudi mara moja. Ntpd ingebaki imekufa. Saa ingeanza kuteleza sekunde moja moja bila mtu kujua, na matengenezo mengine ya diski yangekuja na pengo jipya. Namba 2460 ilitupeleka moja kwa moja kwa mtu sahihi, kwenye saa sahihi ya usiku, na kwenye kasoro mbili ambazo zote zilihitaji kurekebishwa.

Baada ya kusoma ndipo linakuja swali la namna ya kuirudisha. Watu wengi hulichukulia kirahisi kupita kiasi. Saa inaweza kurushwa, yaani kuhamishwa kwa mkupuo mmoja, au kuvutwa taratibu kwa kuifanya iende kasi kidogo au polepole kidogo. Ntpd huvuta kwa kasi isiyozidi sehemu 500 kwa milioni. Kwa kasi hiyo kufuta kosa la sekunde 1 kunachukua sekunde 2000, zaidi ya nusu saa. Kwa zile sekunde 2460 zetu ingekuwa takriban siku 57. Chrony ina mkono mwepesi zaidi, kwa kawaida inaweza kuikimbiza saa hadi sehemu moja ya kumi na mbili ya kasi yake, kwa hiyo pengo lile lingefungwa kwa zaidi kidogo ya saa nane. Bado ni siku nzima ya kazi ambayo watu hawaingii.

Saa ikiwa imechelewa, kuirusha mbele huwa hakuumizi sana, ila kunahitaji uangalifu. Kazi za ratiba zilizopaswa kuendeshwa ndani ya dakika zilizorukwa zinaweza zisiendeshwe. Vikao vya watumiaji vinaweza kuisha ghafla. Nilisimamisha huduma, nikairusha saa, nikaandika muda uliosahihishwa hadi saa ya ubao kwa `hwclock --systohc`, nikawasha huduma tena.

Saa iliyotangulia mbele ndiyo inayonitia hofu. Niliwahi kuikuta seva ya hifadhidata imewahi kwa dakika tatu na kidogo, na ilikuwa imeandika rekodi usiku kucha. Ukiirusha nyuma, rekodi mpya zitapata muda mdogo kuliko zile za zamani. Hifadhidata zinazoamua mshindi kwa kutazama nani ameandika mwisho, Cassandra ikiwa mfano, zitaiona rekodi mpya kuwa ya zamani na kuitupa bila kelele yoyote. Mtumiaji anabadilisha anwani yake, mfumo unamjibu imehifadhiwa, na anwani ya zamani inabaki palepale. Tulichofanya ni kusimamisha uandishi wote, kusahihisha saa, kisha kusubiri hadi muda halisi ulipopita muda wa rekodi ya mwisho iliyokuwa imeandikwa. Dakika tatu na ushei za huduma kufungwa, zikitangazwa mapema, ni bei ndogo sana kulinganisha na wiki za kutafuta data iliyopotea.

Na kabla ya kufungua huduma tunaandika kwenye daftari la matukio: seva fulani, kuanzia muda fulani hadi muda fulani, logi zake zilikuwa mbele kwa kiasi fulani. Mkaguzi au mtu wa usalama atakayezisoma logi hizo mwaka ujao hana njia nyingine ya kulijua hilo. Kama kuna haja ya kupanga upya mfuatano wa matukio ndani ya mashine moja, `journalctl -o short-monotonic` huonyesha sekunde tangu mashine ilipowashwa, na hesabu hiyo haiguswi na mtu anapobadilisha tarehe. Ili kuoanisha mashine mbili natafuta tukio moja lililoandikwa na zote mbili, kwa mfano kufunguliwa kwa muunganisho kati yao, na kuhesabu kuanzia hapo.

Kuna umbo jingine la kosa ambalo nimelikuta mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Ukichora tofauti ya saa kwenye grafu unaona meno ya msumeno: inapanda kidogo kidogo, inadondoka ghafla, inapanda tena, inadondoka tena, kwa vipindi vilivyo sawa. Fuwele haina tabia hiyo. Umbo hilo maana yake saa moja ina mabwana wawili. Chrony ndani ya mashine pepe inaivuta kuelekea vyanzo vyake, na programu ya mwenyeji inaisukuma kila baada ya muda kuelekea saa ya mwenyeji, ambayo nayo haisimamiwi na mtu. Kwenye logi ya chrony utakuta maneno `Forward time jump detected!` au `Backward time jump detected!` yakijirudia. Chrony inalalamika kwamba kuna mtu mwingine anaigusa saa yake.

Katika tukio moja la namna hiyo wenzangu walikuwa wameshabadilisha vyanzo vya saa, wakabadilisha kabeli, wakataka hata kubadilisha swichi. Tulipoipanga grafu kwa sekunde, kila dondoko liliangukia mwanzo wa dakika ileile ya mzunguko wa ile programu ya mwenyeji. Tukachagua bwana mmoja. Mimi huchagua chrony ndani ya mashine pepe, na mwenyeji namwachia kazi moja tu, ya kutoa muda wakati wa kuamka. Wengine huchagua kinyume chake na mifumo yao inakwenda vizuri. Kisichowezekana ni wote wawili kwa pamoja. Ugomvi huohuo hutokea pia pale ntpd na systemd-timesyncd zinapowashwa zote kwenye mashine moja, kwa hiyo orodha ya huduma zinazoendeshwa ni ya kuangaliwa mapema.

Nije kwenye vyanzo vyenyewe. Kulikuwa na kundi la seva ambalo logi zake zilionyesha jibu limeandikwa kabla ya swali. Kila seva ilikuwa na vyanzo viwili vya saa, vyote vya ndani, na aliyezisanidi aliona viwili vinatosha kwa kuwa kimoja kikifa kingine kitabaki. Lakini `chronyc sources` ilionyesha vyote viwili vimewekewa alama ya `x`, yaani visivyoaminika, na logi ilisema `Can't synchronise: no majority`. Vyanzo viwili vilikuwa vimepishana kwa takriban sekunde 9. Seva zikiambiwa muda mara mbili tofauti hazina namna ya kujua nani mkweli, kwa hiyo zikaacha kumfuata yeyote. Kwa wiki nyingi kila moja ilikuwa ikienda kwa fuwele yake.

Nilikwenda kwenye chanzo cha pili na kuandika `ntpq -p`. Vyanzo vya juu vyote vilikuwa na sifuri kwenye safu ya `reach`. Safu hiyo inastahili kueleweka vizuri: ni rejista ya biti 8 inayoonyeshwa kwa namba za msingi wa nane, kila jibu lililofika ni 1 na kila lililokosekana ni 0. Ukiona 377 maana yake majibu manane ya mwisho yote yamefika. Ukiona 0 hakuna hata moja. Mstari pekee wenye nyota, alama ya chanzo kinachofuatwa, ulikuwa wenye kitambulisho `.LOCL.`, yaani seva ilikuwa inajifuata yenyewe. Mtu aliwahi kuiwekea saa yake ya ndani kama chanzo cha dharura, kwa tabaka la 10 (tabaka ni idadi ya hatua kutoka kwenye saa ya asili), nayo ikaendelea kuwatangazia wateja tabaka la 11 kana kwamba kuna mtu juu yake.

Hapa tena sikuigusa saa. Niliacha tofauti ipimwe kwa saa kadhaa, nikaona inakua kwa takriban milisekunde 5.4 kwa saa, karibu sekunde 0.13 kwa siku. Sekunde 9 gawanya kwa 0.13 ni siku 69 hivi. Mwendo wa fuwele hubadilika na joto la chumba, kwa hiyo hesabu hiyo ni ya kukadiria, lakini ilinitosha kurudi kwenye orodha ya mabadiliko ya miezi miwili na ushei iliyopita. Pale palikuwa na kazi ya kupanga upya sheria za fayawoli. Nikawasha `tcpdump`, chombo cha kutazama pakiti zinazopita, kwenye poti 123 ya UDP inayotumiwa na maombi ya saa: maombi yanatoka, hakuna jibu linaloingia. Sheria mpya iliruhusu kutoka na kusahau kurudi. Kama tungeirusha saa ile kwanza, ningekosa tarehe, na bila tarehe ningekuwa nakisia tu.

Hesabu ya vyanzo nadhani inafaa kukaririwa na kila mtu anayesimamia seva. Ukiwa na kimoja utakifuata hata kikipotea. Ukiwa na viwili vikigombana huna mwamuzi. Vitatu vinaweza kumshinda mmoja anayedanganya, ila kimoja kikizimika umerudi kwenye viwili. Ndiyo sababu mwongozo wa RFC 8633 wa mwaka 2019 unashauri vyanzo vinne au zaidi. Na sifa ya chanzo haikupi kinga. Tarehe 19 Novemba 2012, seva mbili za saa za taasisi ya elimu ya anga ya Jeshi la Majini la Marekani, zijulikanazo kama tick na tock, zilitoa kwa muda mwaka 2000. Mitandao iliyokuwa ikizitegemea hizo tu ilijikuta imerudi miaka kumi na miwili nyuma. Waliokuwa na vyanzo vingine vya kutosha, programu zao ziliwaweka wawili hao kando na kazi ikaendelea.

Kosa gumu kuliko yote ni lile lisiloonekana kwenye skrini kabisa. Kulikuwa na seva kwenye kituo cha mbali, `reach` 377, tofauti karibu sifuri, mtetemo mdogo, kila kitu kizuri. Lakini ukilinganisha logi zake na za makao makuu, ilikuwa nyuma kwa milisekunde zinazokaribia 40, na hazibadiliki.

Itifaki ya NTP, lugha ambayo chrony na ntpd huitumia kuulizia muda na ambayo David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware aliiandika na kuitunza kwa miongo kadhaa, hupima kwa mihuri minne ya muda: mteja anapotuma, seva inapopokea, seva inapojibu, mteja anapopokea. Kutokana na minne hiyo hukokotoa tofauti ya saa na muda wa safari ya pakiti. Ila inalazimika kudhani kwamba kwenda na kurudi huchukua muda sawa, kwa kuwa hakuna kipimo chochote ndani ya mihuri hiyo kinachoweza kuvitenganisha. Kituo kile kilikuwa na njia mbili. Pakiti zilitoka kwa njia ya haraka, takriban milisekunde 10, na kurudi kwa njia ndefu, takriban 90. Nusu ya tofauti ya 10 na 90 ni 40. Seva ilikuwa inaamini kwa dhati kwamba iko sahihi.

Namba zilizotulia zilimwonyesha mteja kwamba njia yake haibadiliki, basi. Usahihi hazikuusema. Kilichotuonyesha ukweli ni kipokezi cha GPS chenye antena yake tulichokiweka kituoni palepale, kinachopata muda kutoka angani bila kupitia ruta yoyote. Siku hizi kwenye kila kituo cha mbali chenye kazi nyeti ninaomba kipokezi hicho mapema, na kila ninapoona muda wa safari umepanda ghafla huku tofauti ikiwa bado sifuri, nawauliza watu wa mtandao kama njia zimebadilishwa.

Sekunde za nyongeza, zile zinazoongezwa kwenye UTC ili iendane na mzunguko wa dunia, nitazigusa kwa ufupi. Tangu 1972 zimeongezwa 27, ya mwisho ikiwa mwishoni mwa Desemba 2016, na mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo uliamua Novemba 2022 kwamba utaratibu huo uachwe ifikapo 2035. Usiku wa tarehe 30 Juni 2012 sekunde moja iliwaamsha wasimamizi wengi duniani: kasoro kwenye kerneli, yaani kiini, ya mfumo endeshi wa Linux ilifanya programu za Java na hifadhidata zizunguke bure hadi prosesa zikafika asilimia 100. Dawa ya haraka ilikuwa ni kuiandikia saa muda uleule iliokuwa nao, kwa `date -s "$(date)"`. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu ni amri ileile ninayoizuia, na hapo ilikuwa sahihi. Waliojua kwa nini inafanya kazi waliiendesha kwa utulivu kwenye mashine zote. Wengine walizima na kuwasha seva nzima. La kukumbuka kwenye usanidi ni kwamba baadhi ya watoa huduma, Google wakiwemo, huitandaza sekunde hiyo kwa saa 24, wengine huiongeza kwa mkupuo. Ukichanganya aina hizo mbili kwenye orodha moja ya vyanzo, siku hiyo zitapishana hadi nusu sekunde, na kila upande utakuwa sahihi kwa kanuni zake.

Kwenye ufuatiliaji, alamu ninazoziweka hazitazami tofauti pekee. Natazama kama `chronyc tracking` inaonyesha `Not synchronised`, idadi ya vyanzo vinavyokubalika ikishuka chini ya vitatu, muda uliopita tangu marekebisho ya mwisho, na kama programu yenyewe ya saa ipo hai. Kwa tofauti naanzia milisekunde 50, kwa kuwa hicho ndicho kiasi ambacho klasta za Ceph, mfumo wa kuhifadhi data kwenye seva nyingi, kwa kawaida huanza kulalamika. Juu ya hayo kuna mashine moja ya pembeni inayowauliza wote muda wao na kuhifadhi majibu kwa mwaka mzima, kwa sababu seva iliyopotea haiwezi kujitolea taarifa ya kweli, na kwa sababu ile hesabu ya kugawanya niliyoieleza inahitaji historia ya kurudi kwayo.

Kilichobaki nje ya mpango huu ni vifaa vya zamani, kamera na vifaa vya milango vinavyokubali anwani moja tu ya saa na visivyotoa taarifa yoyote zaidi ya sekunde nzima. Hivyo nimeviunganisha na anwani ya ndani inayohamia seva nyingine moja ikizimika. Skripti inavizungukia kila saa, inausoma muda wao, na kuichora tofauti kwenye grafu ileile ya seva.